Wali Umesingiziwa

Mtu wa Ukunda akiamua kupunguza mwili, wa kwanza kushtakiwa ni wali wa nazi. Wa pili ni sima ya usiku. Nyumba nzima hutangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu sahani yake isipakuliwe, na shangazi akileta bakuli la mbaazi za nazi anaambiwa kwa upole alirudishe. Lakini asubuhi mtu huyohuyo ameshakunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari. Saa nne, akiwa steji, amekula mahamri mawili ya kushikilia tumbo. Saa kumi, tumbo likinguruma, amenunua viazi karai na soda baridi. Mwezi unapita, mizani haijasogea, na lawama zinarudi palepale kwenye wali.

Mazungumzo ya leo, wasikilizaji, ni kuhusu vyakula vya kuepukwa na anayetaka kupungua, na yatakaa hukuhuku kusini mwa Pwani: Tiwi, Ukunda, Diani, Gazi, Msambweni, hadi Lunga Lunga. Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu umeandikiwa watu wanaokula vitu vingine kabisa. Unakataza jibini, siagi, aiskrimu na keki za krimu. Mama wa Msambweni akiusoma wote anakuta hana hata kimoja cha kuacha, na bado gauni la Idi iliyopita halifungi zipu.

Suala lenyewe limevuka mipaka ya urembo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Uzito wa namna hiyo hufuatana na shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili na maumivu ya magoti. Na bado kaunti yetu ya Kwale ina sura mbili. Ukame wa kati ya 2020 na 2023 uliwaacha wafugaji wa Kinango na ng'ombe waliokondeana na watoto wasioshiba, katika kaunti hiyohiyo ambamo hoteli za Diani hupanga meza za chakula ambazo mgeni hawezi kuzimaliza kuzitazama. Kwa hiyo ushauri wa kupunguza chakula una wenyewe. Si wa kila mtu.

Kwa wale wanaohusika, pa kuanzia ni kikombe.

Sukari ni mwenyeji wa siku nyingi huku. Kiwanda cha Ramisi kilianza kusaga miwa katika miaka ya 1920, kikafungwa mwaka 1988, na kilimo cha miwa kikafufuliwa na kampuni ya sukari ya KISCOL iliyoingia mwaka 2007. Watu wamekulia kwenye miwa vizazi kwa vizazi. Lakini anayetafuna muwa anafanya kazi: anauambua kwa meno, anakamua kwa taya, anatema makapi, na pingili mbili tatu zinamtosha. Muwa huohuo ukipitishwa kwenye mashine ya kando ya barabara, ukatiwa ndimu na kipande cha tangawizi, bilauri moja hubeba pingili kadhaa na hushuka kooni kwa dakika moja. Ndani yake mna gramu 30 za sukari, pengine zaidi, na mnywaji bado ana nafasi ya chakula cha mchana kama kawaida.

Hapo ndipo ubaya wa sukari ya kunywa ulipo. Tumbo haliihesabu. Mtu aliyekula sahani ya kunde hupunguza kitu kwenye mlo unaofuata bila hata kujua, lakini aliyekunywa soda hapunguzi, au hupunguza kidogo mno.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni gramu 50, karibu vijiko vidogo 12. Ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo. Sasa tumpigie hesabu yule mtu wa Ukunda. Vikombe viwili vya asubuhi na kimoja cha jioni, kila kimoja vijiko vitatu, ni gramu 36. Soda moja ya kola ya mililita 300 ina gramu 32 hivi. Jumla ni 68. Ameshavuka mpaka kabla ya kuhesabiwa sukari iliyomo ndani ya hamri, juisi ya ukwaju ya dukani au mabuyu ya rangi aliyonunua akiwa kwenye matatu.

Chai ya kibandani ina tatizo lake. Sukari huchemshwa humohumo kwenye birika pamoja na maziwa, kwa hiyo mnunuzi hana nafasi ya kuamua. Wauzaji wengi, wakiombwa mapema, huweka kando chai isiyotiwa sukari, na asiyeweza kuinywa hivyo aanze kwa kupunguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea. Wazee wanaokaa barazani na kikombe cha kahawa chungu hawana la kuulizwa kuhusu kahawa yenyewe, maana haina kitu. Wa kuulizwa ni kashata na kipande cha halua kilichokaa kando yake.

Cha pili ni karai.

Kiazi au muhogo ukitumbukizwa kwenye mafuta ya moto, maji yake hutoka kwa mvuke, na hayo ndiyo mapovu yanayochemka kuuzunguka. Mafuta huchukua nafasi ya maji yale, na mengi huingia pale kitu kinapotolewa na kuanza kupoa. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, wakati gramu moja ya wanga au sukari ina nne. Ndiyo maana gramu 100 za kiazi cha kuchemsha hazifiki kalori 90, na chipsi za uzito uleule zina karibu 300. Kiazi karai huenda hatua moja mbele zaidi: kwanza kinachemshwa, kisha kinavikwa koti la unga na bizari, halafu kinakaangwa, na koti lile hunywa mafuta kuliko kiazi chenyewe.

Hamri nalo linastahili kutazamwa kwa karibu. Unga mweupe uliokobolewa, sukari, tui la kukandia, hamira na iliki. Unaumuka, unasukumwa, unakatwa pembe nne, kisha unatumbukizwa kwenye mafuta mengi hadi ufure kama puto. Kila kinachonenepesha kimekutana katika kitu kimoja kinachoingia mkononi. Haina maana kwamba hamri ni sumu. Linaloponza ni mazoea ya kuliita kitafunio, kana kwamba halihesabiwi, na kula matatu kila asubuhi kabla ya chakula chenyewe. Anayelitaka alile Jumapili, kwa mbaazi, akae chini, na lihesabiwe kuwa ndilo chakula cha asubuhi. Siku nyingine mbaazi hizohizo zaweza kuliwa na muhogo wa kuchemsha au kiazi kitamu.

Mtu akiisikia hoja hii anaweza kumgeukia mama karanga, yule mama wa Gazi au Msambweni anayenunua samaki kwa wavuvi wanaposhusha, akawakaanga na kuwauza mitaani. Asionewe. Kukaanga kwake kuna sababu: samaki aliyekaangwa hustahimili joto bila friji hadi afike kwa mlaji, na ni kwa mkono wake nyumba nyingi zisizo na uwezo wa kununua nyama hupata protini. Samaki ni miongoni mwa vyakula bora kwa anayetaka kupungua, kwa sababu hushibisha kwa kalori chache. Anayeweza kupata tasi au changu mbichi na ampike mchuzi wa ukwaju, ambanike au amchome. Asiyeweza, anunue yule wa karai na aache viazi karai. Vya karai viwili kwenye sahani moja ndivyo vinavyovunja hesabu.

Sasa nazi. Hapa ndipo maneno yamekuwa mengi na ushahidi ni mchache. Kwale ni nchi ya minazi, na wapo wanaoapa kuwa mafuta ya nazi yanayeyusha kitambi, kama walivyo wanaoapa kuwa tui ndilo lililokileta. Kuna watu ambao maisha yao yanasaidia kulijibu hili. Katika visiwa vya Tokelau, kwenye Bahari ya Pasifiki, watafiti wa New Zealand waliokuwa na daktari Ian Prior walikuta kwamba zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula cha wenyeji ilitoka kwenye nazi. Walikula nazi, samaki na shelisheli, na maradhi ya moyo yalikuwa haba. Baada ya dhoruba ya mwaka 1966 wengi walihamia New Zealand. Huko nazi ilipungua kwenye sahani zao. Mkate, sukari, nyama na vya madukani vikaongezeka. Waliohama wakanenepa kuliko ndugu zao waliobaki visiwani, na kisukari na shinikizo la damu vikaongezeka.

Hilo halimaanishi kwamba tui ni jepesi. Kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, lina kalori 230 hivi kwa kila gramu 100, na mafuta yake mengi ni ya aina inayoweza kupandisha lehemu mbaya kwenye damu. Ila mpishi wa pwani ana dawa yake tayari jikoni. Nazi iliyokunwa kwenye mbuzi hukamuliwa mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Mchicha, kisamvu na mbaazi hupikika vizuri kwa tui la pili, kisha kijiko au viwili vya kasimile vikatiwa mwisho kwa ladha. Makosa ya siku hizi ni kukaanga vitunguu kwa kikombe cha mafuta ya kupima na bado kuumiminia mchuzi tui lote zito. Mapishi ya zamani yalichagua kimoja. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Kuna sufuria ambazo huingia vijiko kumi kabla ya nyanya kufika.

Na wali? Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa kwa maji zina kalori 130 hivi. Nyingine zote hutoka kwenye tui, mafuta, na hasa mkono wa mpakuaji. Sahani ya harusini ni mfano mzuri: pilau, juu yake viazi, kando chapati, halafu kachumbari ya kijiko kimoja iliyowekwa kwa adabu tu. Huo ni wanga juu ya wanga juu ya wanga. Geuza vipimo: nusu ya sahani iwe mboga, robo samaki, kunde, pojo au mbaazi, na robo iliyobaki iwe wali au sima. Hapo wali unakaa kwenye mlo bila kesi. Utafiti wa kitaifa wa afya uitwao STEPS, wa mwaka 2015, ulikuta kuwa Wakenya 94 kati ya kila 100 hawafikishi mafungu matano ya matunda na mboga kwa siku, kwa hiyo pengo kubwa liko kwenye upande wa mchicha kuliko wa wali.

Wanaobishana kama adui ni wanga au mafuta wana jaribio la kuwatuliza. Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua watu 609 wenye uzito uliozidi, wakawagawa mafungu mawili kwa mwaka mzima: hawa wapunguze wanga, wale wapunguze mafuta. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Fungu la kwanza lilipungua kilo 6 kwa wastani, la pili kilo 5.3, tofauti isiyo na uzito wa kisayansi. Mafungu yote mawili yalikuwa yameambiwa jambo moja la pamoja: waache sukari na unga uliokobolewa, wale mboga nyingi, wapike vyakula halisi.

Mwaka 2019 Kevin Hall wa taasisi za afya za serikali ya Marekani alikwenda mbali zaidi. Aliwaweka watu 20 ndani ya hospitali, wiki mbili wakila vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana, wiki mbili wakila vya kupikwa kutoka vitu halisi. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na chumvi, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Kwenye vya viwandani walikula kalori 500 zaidi kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vya kupikwa walipungua kiasi hichohicho. Kwa Ukunda, hilo linahusu tambi za pakiti zinazopikwa kwa dakika mbili, biskuti, soseji, krisps na maji ya rangi yanayoitwa juisi. Vimeingia kwenye maduka ya Diani, na sasa vinaning'inia kwenye vioski vya vijijini, kwa pakiti ndogo za bei ya mfuko wa mtoto wa shule.

Kuna vitu ambavyo huachwa bure. Embe, papai na nanasi vikiliwa vizima, na nyuzi zake, havina haja ya kuogopwa. Vikisagwa na kutiwa sukari ndipo hubadilika. Maji ya dafu yana sukari kidogo kuliko soda, na dafu moja kwa siku ya jua halina neno. Korosho zina mafuta mengi, ila konzi moja hushibisha. Shida huanza anayezila anapotazama mpira na bakuli zima likiwa mapajani. Mayai ya kuchemsha, dagaa, kunde na pojo ni marafiki. Sima ya dona, yenye pumba zake, hukaa tumboni muda mrefu kuliko ya unga mweupe.

Mwezi wa Ramadhani unastahili kutajwa peke yake, kwa sababu wengi huungoja wakitumaini kupungua. Anayefunga hula mara chache, na wengine hupungua kilo moja au mbili, kisha huzirudisha baada ya Idi. Siri iko kwenye futari. Tende tatu na maji au uji mwepesi hutosha kufungulia. Baada ya hapo huja kaimati zilizochovywa kwenye shira, sambusa, tambi za sukari, viazi vya nazi na juisi jagi zima, na vyote vinaliwa kabla ya daku. Nyumba inayochagua kimoja cha karai kwa siku, na kubadilisha siku hadi siku, bado ina futari ya heshima mbele ya mgeni.

Kisha kuna biashara ya chai za kupunguza tumbo, zinazouzwa mikononi na kwenye simu kwa majina ya kupendeza. Nyingi zina majani ya sanamaki, mti ambao bibi zetu wa pwani waliujua vizuri kwa kazi yake: kuendesha. Mtu akiharisha siku tatu mizani hushuka kwa sababu maji yametoka mwilini, na mafuta ya kiunoni yako palepale. Akinywa maji, kilo zinarudi. Anayeendelea nayo kwa wiki nyingi anaweza kuharibu mpangilio wa chumvi mwilini na utumbo ukazoea kusukumwa. Maji ya ndimu hayadhuru, lakini hayakati mafuta pia.

Chakula hakibebi kesi yote. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimejaa kila njia panda, na mwendo wa kutoka barabara kuu ya Ukunda hadi ufukweni, ambao zamani watu waliutembea, sasa unalipiwa. Mtu wa kilo 70 akitembea saa moja hutumia kalori 250 hivi, sawa na soda mbili ndogo. Kwa hiyo kutembea peke yake hakuwezi kulipia kila kinachonywewa, ila vikiunganishwa nguvu yake ni kubwa. Mwaka 2002 jaribio la Marekani lililohusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari lilionyesha kuwa waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo 6. Akipungua nusu kilo kwa wiki, miezi mitatu inatosha, na wali haukufukuzwa.

Anayetaka kujua kama anasogea asitegemee mizani pekee. Kamba ya fundi cherehani ipitishwe kiunoni, usawa wa kitovu, baada ya kutoa pumzi. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wa mtu, mafuta ya tumboni yamezidi. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, wana mizani na vipimo vya sukari na shinikizo la damu, na huwafikia watu nyumbani.

Ushauri huu wote hauwahusu watoto wanaokua, wajawazito, wala wagonjwa wanaokonda bila sababu inayojulikana. Hao wanahitaji kuonwa na daktari au mtaalamu wa lishe, hospitali ya rufaa ya Msambweni au kituo kilicho karibu. Wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari nao wazungumze na daktari kabla ya kupunguza chochote, kwa sababu dozi iliyopimiwa sahani ya zamani inaweza kuiangusha sukari yao kupita kiasi mara tu sahani inapopungua.